Nguo ya Kudumu na Mfuko wa Maskini: Somo la Dunga

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyewapa wanadamu mavazi ya kusitiri tupu zao na ya kujipamba, kisha akawajuulisha kuwa vazi la ucha Mungu ndilo bora. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu Waislamu, tulipokuwa tukisoma mlango wa mavazi katika darasa yetu, liliulizwa suali ambalo tuliona halifai kujibiwa kwa maneno mawili. Muulizaji alisema: Siku hizi twahimizwa tununue nguo zisizoharibu ardhi wala maji, zilizoshonwa na watu waliolipwa haki yao, na zitakazodumu. Jambo hili ni jema, wala hatulipingi. Lakini nguo za namna hiyo ni ghali, na aghalabu hazionekani ila katika maduka ya watalii na ya wenye nafasi. Basi maskini afanye nini? Au wema huu nao umekuwa wa matajiri peke yao?

Jawabu yetu kwa ufupi ni hii: Wema wowote ambao maskini hawezi kuufikia, basi ama si wajibu juu yake, ama iko njia yake ambayo watu wameifunga. Katika jambo la nguo, njia iko. Na walioifunga ni sisi wenyewe, kwa ada zetu na kwa kila mtu kujinunulia peke yake. Na sasa tulieleze jambo hili fungu kwa fungu.

1. Vipimo vya sharia katika nguo

Nguo ya Muislamu hupimwa kwa mambo manne. Kwanza, imsitiri. Pili, iwe tohara na itokane na chumo la halali. Tatu, isiwe ya israfu; katika sura ya Al-Aaraf, aya ya 31, tumeamrishwa tujipambe kila tuendapo kusali, na katika aya hiyo hiyo tumekatazwa israfu. Nne, isiwe ya kujifakharisha. Imo katika hadithi ya Ibn Umar aliyoitoa Abu Daud kuwa mwenye kuvaa nguo ya kutafutia umaarufu atavikwa siku ya Kiyama nguo ya udhalili.

Tazameni vyema vipimo hivi. Hamna hata kimoja kisemacho kuwa nguo lazima iwe mpya. Bibi Aisha alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, alijibu kuwa alikuwa akishona nguo yake na kutia kiraka kiatu chake, kama alivyopokea Imam Ahmad. Na katika Muwatta ya Imam Malik, Anas anahadithia kuwa alimwona Sayyidna Umar, naye ni Amiri wa Waislamu, nguo yake ina viraka vitatu baina ya mabega. Lakini asije mtu akafanya uchakavu kuwa ndiyo dini. Mtume (s.a.w.) alimwona mtu aliyevaa nguo duni ilhali ana mali, akamfahamisha kuwa athari ya neema ya Mungu yapasa ionekane juu yake. Kwa hivyo kiraka si aibu, na uchafu si uchaji.

Juu ya vipimo hivyo vinne iko haki ya mtu mwingine, naye ni yule aliyeishona nguo. Ibn Majah amepokea amri ya kumpa mfanya kazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Na watu wa Nabii Shuaib walikatazwa kuwapunguzia watu vitu vyao. Tarehe 24 Aprili 2013, huko Savar karibu na Dhaka, nchi ya Bangladesh, liliporomoka jumba la Rana Plaza lililokuwa na viwanda vya nguo, wakafa watu zaidi ya 1,100. Nyufa zilionekana siku moja kabla, na wafanya kazi wakarudishwa ndani. Wengi wao walikuwa wanawake, na wengi ni Waislamu wenzetu. Basi tuionapo shati mpya yauzwa kwa bei ya kushangaza, tujue kuwa sehemu ya bei ile imekwisha kulipwa na mtu mwingine.

2. Kwa nini tumeutaja Dunga

Reli iliyoanza Mombasa ilifika ziwani mwaka 1901, mahali palipoitwa Port Florence, napo leo ni Kisumu. Tangu siku hizo bidhaa zishukazo katika bandari yetu hupanda hadi huko, na watu wetu pia wakapanda pamoja nazo. Kilomita chache kusini ya mji huo, katika ufuo wa Ghuba ya Winam, pana kijiji cha wavuvi kiitwacho Dunga. Wenyeji wake kwa wingi ni Wajaluo. Huvua sangara, ngege na dagaa, na kando yao pana kinamasi kikubwa cha mafunjo, chenye ndege wasiokaa ila katika mafunjo.

Ziwa hilo lina balaa la magugumaji. Asili ya mmea huo ni Amerika ya Kusini, nao ulionekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980. Ilipofika mwaka 1998 ulikuwa umeifunika sehemu kubwa ya Ghuba ya Winam, hata mashua zikashindwa kutoka. Wadudu waulao mmea huo waliletwa, ukapungua, kisha ukarudi. Maji machafu yatokayo mijini na mbolea iteremshwayo na mito ndivyo vinavyoulisha. Huu ni mfano dhahiri wa yale tuliyoonywa katika sura ya Ar-Rum, aya ya 41, kuwa uharibifu hudhihiri barani na baharini kwa sababu ya yale yaliyochumwa na mikono ya watu.

Lakini watu wa pande zile hawakukaa wakalia. Wako wasukao mikoba, vikapu, kofia na mikeka kwa mafunjo na kwa magugumaji yale yale. Na hapo Kisumu ngozi za sangara, zilizokuwa zikitupwa baada ya minofu kukatwa viwandani, hulainishwa na kutengenezwa mikoba na viatu. Mwenye kusoma hadithi atakumbuka jambo hapa. Mtume (s.a.w.) alipita penye mbuzi au kondoo aliyekufa, aliyekuwa sadaka ya mjakazi wa Bibi Maimuna, akauliza kwa nini hawakuitumia ngozi yake. Wakasema kuwa ni mzoga. Akawafahamisha kuwa kilichoharamishwa ni kumla. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Ikiwa ngozi ya mzoga haikuachwa ipotee bure, ngozi ya samaki, ambaye ni halali na tohara, yastahiki zaidi.

Sasa turudi kwenye suali: kwa nini mkoba wa namna hii ni ghali? Si kwa sababu msusi ana tamaa. Katika mmea mbichi wa magugumaji, zaidi ya sehemu tisa katika kumi ni maji. Mzigo mzima uliotolewa ziwani ukikauka hubakia kitita kidogo. Mabua hukatwa, huoshwa, huanikwa juani siku kadhaa, na mvua ikinyesha huota ukungu yakawa hayafai. Kisha hubanwa yakalainika, husokotwa kamba, ndipo husukwa. Hapo bado nauli, bado mchuuzi, bado kodi ya duka. Mashine iyeyushayo plastiki haijui mvua wala haina watoto wa kulisha. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, na wengi wakadhani kuwa siku ya kikapu imefika. Badala yake sokoni ikaenea mifuko myepesi ifananayo na kitambaa, kumbe nayo ni plastiki. Kikapu kikabaki kikimngojea mgeni.

Hapa ndipo penye ugonjwa. Msusi hapati wateja wengi kwa kuwa bei ni kubwa. Na bei haipungui kwa kuwa wateja ni wachache na huja mmoja mmoja. Tutaitaja dawa yake mbele, inshallah.

3. Hukumu ya mitumba

Maskini wa Kisumu avaa nini? Avaa avaacho maskini wa Mombasa na Malindi, yaani mitumba. Marobota hushuka bandarini Kilindini, hupanda bara, na huko Kisumu hufunguliwa katika soko la Kibuye. Katika mwaka 2019 Kenya iliingiza kiasi cha tani 185,000 za nguo hizo.

Wako wasemao kuwa mitumba ndiyo iliyoua viwanda vyetu. Maneno haya yana ukweli ndani yake, ila si ukweli wote. Kisumu ilikuwa na kiwanda chake kikubwa cha pamba, kikiitwa KICOMI, nacho kilikufa katika miaka ya 1990, wakati soko lilipofunguliwa na nguo za nje, kuukuu na mpya, zikamiminika. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki ziliafikiana kuiondoa mitumba kidogo kidogo. Marekani ikatishia kuzinyima nafuu ya biashara. Kenya ikarudi nyuma mwaka 2017. Rwanda ikashikilia, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa nafuu hiyo. Mzigo huu ni wa wenye kushika madaraka. Sisi hatuoni uadilifu kumtwika mjane wa Kibuye, anayemtafutia mwanawe sweta, mzigo ambao dola zimeshindwa kuubeba. Tena mtu avaaye nguo iliyokwisha kuvaliwa na mwingine hakuongeza kiwanda, hakuongeza moshi, wala hakumwaga rangi mtoni. Ametenda kwa ufukara wake lile ambalo tajiri ahubiriwa alitende kwa hiari.

Kwa hiyo twasema kuwa kuvaa mitumba kwajuzu, wala hakuna karaha ndani yake. Asili ya vitu ni tohara mpaka najisi ithibitike. Mtume (s.a.w.) alivaa safarini juba la Sham lenye mikono myembamba, na Sham siku hizo ilikuwa nchi ya Warumi, kama ilivyo katika hadithi ya Mughira. Hata hivyo yatupasa tuangalie mambo matatu. La kwanza, viatu na mikoba ya ngozi ya nguruwe. Katika madhehebu yetu ya Shafii ngozi hiyo haitohariki kwa kudibaghiwa, basi tusome kibandiko kilicho ndani. La pili, hariri safi kwa wanaume. La tatu ni biashara yenyewe. Robota huuzwa limefungwa, na mnunuzi hajui kilichomo. Mtume (s.a.w.) amekataza bei ya gharar, nayo ni ile isiyojulikana mwisho wake. Mfanya biashara Muislamu ataje namna ya nguo na daraja yake, na akubali kurudishiwa yakitokea kinyume cha alivyosema. Asifiche tundu chini ya mkunjo, kwani aliyeficha nafaka iliyorowa chini ya kavu aliambiwa kuwa mwenye kughushi si katika sisi.

4. Bei na gharama ni mambo mawili

Twaomba ndugu zetu, khasa akina mama wenye kushika matumizi ya nyumba, wafanye hesabu hii pamoja nasi. Tukadirie dera la shilingi 500 lenye kitambaa hafifu, lipaukalo na kuchanika kwa miezi minne. Kwa miaka miwili atakuwa mama amenunua madera sita, yaani shilingi 3,000. Tukadirie tena dera la pamba njema, lililoshonwa kwa mshono wa mara mbili, kwa shilingi 1,200, nalo likadumu miaka hiyo miwili. Yupi aliyenunua ghali? Ni yule wa shilingi 500. Amezidisha shilingi 1,800, na juu yake ameacha jaani vitambaa sita, ambavyo vikiwa ni vya nyuzi za mafuta ya petroli havitaoza katika uhai wake wala wa wajukuu zake.

Hapo maskini atatujibu, na jawabu yake ni ya haki: Nalijua hilo, lakini mkononi nina 500, sina 1,200. Hiki ndicho kifundo cha mas-ala haya yote. Maskini haponzwi na ujinga. Huponzwa na kutokuwa na fedha nyingi kwa wakati mmoja, na kwa hiyo hulipa zaidi kuliko tajiri. Kumhubiria achague nguo njema bila ya kumfungulia kifundo hiki ni kumzidishia dhiki.

5. Njia za kukifungua kifundo

Ya kwanza ni kuacha ada zinazotudhulumu. Katika harusi zetu wanawake hutakiwa wavae sare. Leo harusi ya binti wa jirani, kesho ya binti wa ami, na kila moja na kitambaa chake na mshoni wake. Kisha nguo hukunjwa isivaliwe tena, kwa kuwa imekwisha kuonekana. Asiye nacho hukopa, au hujifanya mgonjwa asihudhurie. Tuiite kwa jina gani nguo inayomzuia Muislamu kuitika mwaliko wa nduguye? Na Idi ni vivyo hivyo. Sayyidna Umar alipomletea Mtume (s.a.w.) juba la hariri ajipambe nalo siku ya Idi, kilichokataliwa kilikuwa hariri, si kujipamba. Kujipamba ni sunna, lakini sunna ni kuvaa kizuri ulicho nacho. Baba anayechukua mkopo wa riba katika simu ili watoto waende uwanjani na nguo mpya, amejipamba kwa sunna kwa kuibomoa faradhi.

Ya pili ni kushirikiana katika ununuzi. Akina mama kumi na wawili wakicheza upatu wa shilingi 100 kwa mwezi, kila mwezi mmoja wao hupata 1,200, na mwaka haumaliziki ila kila mmoja amepata dera lile la kudumu. Hamna riba humo, kwani kila mmoja hupokea alichotoa. Wenye kucheza upatu wa vyombo na wa fedha tayari wajua mambo haya. Twawaomba tu wafungue mlango wa nguo.

Ya tatu ni bei ya salam, nayo ndiyo dawa ya Dunga tuliyoiahidi. Mtume (s.a.w.) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipa mapema thamani ya matunda ya mwaka na miaka miwili, akawaachia, kwa sharti kipimo kijulikane, uzani ujulikane na muda ujulikane. Sasa madrasa ikihitaji mikoba sitini ya kubebea misahafu, kwa nini kila mzazi aende dukani peke yake? Ikusanywe fedha yote, wapelekewe wasusi kabla hawajaanza kazi, na iandikwe namna ya mkoba, urefu wake, upana wake, na siku ya kukabidhiwa. Msusi atapata mtaji usio na riba, wala hatamhitaji mchuuzi. Nasi tutauziwa kwa bei iliyo nafuu, bila ya kumpunguzia ujira wake. Na kama Dunga ni mbali, wasusi wa ukindu na wa miyaa wako katika vijiji vyetu hapa pwani, nao hali yao ni hiyo hiyo.

Ya nne ni wakfu wa cherehani. Cherehani moja na meza moja katika chumba cha madrasa, na fundi mmoja alipwaye, vyatosha mtaa mzima. Siku moja kwa juma watu walete nguo za kutiwa viraka, kupunguzwa na kugeuzwa. Na wavulana wajifunze pamoja na wasichana, maana aliyeshona nguo yake mwenyewe alikuwa Mtume wa Mungu. Mwenye mali anayeuliza atoe sadaka gani iendeleayo, ajue kuwa hii ni mojawapo.

Ya tano ni ubao wa nguo za watoto. Mtoto hukua kabla nguo haijachakaa. Katika kumi la mwisho la Ramadhani, kila nyumba ilete zile zisizowatosha tena watoto wake, zimefuliwa, zimepigwa pasi, vifungo vimekamilika, zitundikwe, na kila mtu achague, tajiri na maskini pamoja. Twasema pamoja kwa makusudi. Wakichagua maskini peke yao, itakuwa ni kuwaanika. Watoto wa imamu na wa mwenye duka nao wavae kutoka ubao ule, hapo hapatakuwa na haya kwa yeyote.

Mtaona, ndugu zetu, kuwa katika mambo haya matano hakuna hata moja linalongojea kiwanda kipya wala tajiri wa ng'ambo. La kwanza halina gharama yoyote. Bali larudisha fedha mfukoni. Tulianze hilo.

Maswali ya kuzungumzwa nyumbani na darasani

Ni nguo ngapi katika kasha lako ulizozivaa mara moja tu, na ni nini kilichokuzuia kuzivaa tena?

Ni nani katika mtaa wako aliyeacha kuhudhuria harusi au sala ya Idi kwa ajili ya nguo, na ni ipi haki yake juu yako?

Je, iko kazi ambayo madrasa yako yaweza kuwapa wasusi au washoni kwa bei ya salam kabla ya Ramadhani ijayo?

Twamuomba Mwenyezi Mungu atusitiri duniani na akhera, atuepushe na israfu na ubakhili, na atuvike vazi la ucha Mungu, ambalo halinunuliwi wala halichakai. Amin.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.